Meza ya Bwana Kwenye Bani Letu

Harufu ya tumbaku iliyokaushwa haifanani hata kidogo na harufu ya sigara. Anayedhani zinafanana hajawahi kukaa karibu na bani. Tumbaku ikikauka vizuri hunukia utamu, kama nyasi kavu zilizomwagikiwa asali, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Jumamosi iliyopita lori lililobeba marobota ya tumbaku liliharibika hapa Ipuli, chini kabisa ya dirisha la ukumbi tulimokuwa tumekaa akina mama wa kanisa, na harufu ikatuingilia humo ndani mgeni wetu akiwa anafundisha.

Mgeni mwenyewe alitoka Dar. Dada mzuri, msomi, sauti laini. Somo lake lilikuwa kumwona Mungu katika maisha ya kila siku. Eti tukifua, tumwone Mungu kwenye povu. Tukipika, jiko liwe madhabahu yetu. Tukifagia uwanja, ufagio uwe sala. Akina mama wakawa wanaitikia amina, wengine wanaandika kabisa. Wazee wawili wa kanisa waliokaa viti vya mbele walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema somo kama hili limechelewa sana kutufikia.

Limechelewa. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, nikasimama karibu na lile lori, nikalia pale barabarani, mtu mzima mimi, nina watoto wa sekondari. Dereva akatoa kichwa chini ya gari akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Ningemwambia nini? Kwamba somo hilo lilifika zamani, kule upande wa Ipole nilikozaliwa, likakaa nyumbani kwetu, na wazee wa kanisa wakaja kulitoa?

Mama yangu alikuwa anaongea na Mungu kama unavyoongea na jirani aliye upande wa pili wa ua. Hakufumba macho, hakupiga magoti. Anapeta mahindi kwenye ungo, unamsikia: "Haya, pumba ndizo hizi, Bwana. Na mimi nipete, ila taratibu, leo nimechoka." Amefika kisimani akakuta maji yamepungua: "Umeona mwenyewe. Mimi siongezi neno." Akipata uyoga mwingi porini, aliushukuria mmoja mmoja anavyouweka kwenye kikapu. Mambo ya heshima alimwambia kwa Kiswahili, na akikasirika alihamia Kinyamwezi. Mimi nilikua nikidhani kila nyumba ina Mungu wake anayeshinda jikoni, na yule wa kanisani ni mkubwa wao, wa kuonana naye Jumapili tu ukiwa umeoga.

Msimu ninaousimulia, baba alikuwa porini. Alikuwa mrina asali, na wakati wa mvua ndipo magome ya miti yanapobanduka vizuri, kwa hiyo yeye na wenzake huingia msituni kutengeneza mizinga mipya na kuitundika. Wakienda wanakaa muda mrefu, na huko hakuna wa kumtumia salamu. Tumbaku yote ilibaki mikononi mwa mama na kibarua mmoja kijana aliyetoka Kigoma, jina lake Bukuru. Mgongoni mama alikuwa na mdogo wangu, Yona, ambaye alikuwa hata hajaanza kukaa.

Nawaeleza wasiojua bani. Ni chumba kirefu kwenda juu, cha matofali ya udongo, hakina dirisha. Majani mabichi yanafungwa kwenye vijiti yanatundikwa ndani mpaka juu kabisa, kisha moto unawashwa kwenye tanuru, na ukishawaka umekushika. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipoa katikati, yanageuka meusi, na kazi ya msimu mzima imekwenda na maji. Hakuna kusema leo Jumapili. Moto wa bani haujui Jumapili.

Na ile ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Kwetu haikuwa kila wiki, wala kila mwezi. Mchungaji alikuwa na vijiji vingi, alikuja kwa pikipiki pale zamu yetu inapofika na barabara ikiwa inapitika. Watu waliisubiri siku hiyo, waliokosana walipatana, akina mama walipiga pasi vitenge vya kwaya tangu Ijumaa. Mama alikuwa mwanzilishi wa nyimbo kwenye kwaya ya akina mama. Sare yake ilikuwa imetundikwa ukutani tayari, na mama mwenyewe yuko kwenye bani, jasho linamtoka, moto uko siku ya tatu na Bukuru amezidiwa na homa, amelala kwenye gunia kivulini.

Sisi watoto Meza ya Bwana hatukuwahi kuiona. Ikifika, tulitolewa nje tukacheze. Nilichojua nilikiokota kwa masikio: kwamba kuna mkate unamegwa, kuna kikombe kimoja kinazunguka, kuna maombi, na watu wote wananyamaza. Basi.

Kengele ya kanisa letu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa. Ilipogongwa mara ya pili, ya kuwaita watu mezani, mama alikuwa ameshika gogo. Akaliweka chini, akatazama upande wa kanisa.

"Nimeshindwa kuja," akasema, na wala hakuwa anatuambia sisi. "Unajua kabisa nilivyoshindwa. Basi njoo wewe."

Akachukua kijiti akafukua majivu, akatoa viazi vitamu alivyokuwa amevifukia asubuhi. Ndipo akatokea Bibi Mwamvita, jirani yetu mzee, mkononi ana kigae.

"Mwangaluka, Mama Kalunde," akasalimia kwa Kinyamwezi. "Moto wangu umezimika. Nimekuja kuomba kaa."

"Shikamoo, Bibi. Makaa yapo, lakini kaa kwanza ule."

"Marahaba. Kwa kiazi cha majivuni nitakaa."

Bukuru akajiinua kwenye gunia, akavua kofia. Mama akamega kiazi, mvuke ukatoka, ndani kimeiva rangi ya dhahabu, ukingoni kimetoa maji ya sukari. Akampa kila mtu kipande mkononi. Kisha akasema, macho wazi, anautazama moto: "Asante kwa viazi. Asante hata kwa moto huu uliotufunga hapa. Wanaokula kule na tunaokula hapa, utuhesabu pamoja." Tukala. Hakuna aliyesema kitu. Kisha akachota togwa kwa kata, akanywa, akampa Bibi, Bibi akampa Bukuru, Bukuru akanipa mimi. Kata moja, ikazunguka. Hata Yona alipakwa togwa mdomoni kwa kidole. Nilisikia baridi mgongoni, na nilikuwa nimekaa karibu na tanuru.

Jumapili iliyofuata, kwenye shule ya Jumapili, mwalimu wetu akauliza nani anajua Meza ya Bwana ni nini. Mimi tena, na kimbelembele changu, mkono juu.

"Ni viazi na togwa. Mama alitupa kwenye bani, na Bwana alikuja."

Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mikeka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza nani mwingine alikula, nami nikamtajia wote, kwa fahari.

Mchana huohuo wazee wa kanisa wakaja nyumbani, watatu. Mkubwa wao aliitwa Mzee Yoeli. Huyu ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha wakulima pale kijijini, yaani jani lako la tumbaku lilipita mikononi mwake kabla ya kufika sokoni. Mimi niliwaona wanakuja nikafurahi. Nilidhani wamesikia habari njema na wao wanataka kula. Nilikimbia kuwaletea viti, nikawapangusia kwa gauni langu.

"Mama Kalunde," Mzee Yoeli akaanza, "siku ya Meza ulikuwa wapi?"

"Kwenye bani. Baba Kalunde yuko porini na kibarua alikuwa anaumwa."

"Ulifanya nini huko?"

"Nilichochea moto."

"Mtoto wako amesema mbele ya watoto wote kwamba umegawa Meza ya Bwana. Kwa viazi. Umempa kibarua, hatujui hata kama amebatizwa. Umempa Bibi Mwamvita, Mwislamu."

Mama akanitazama. Watu ninaowasimulia, nikifika hapa, huniuliza kama najuta. Sijuti. Nilikuwa mtoto, niliulizwa swali, nikajibu nilichokiona. Waliotakiwa kujuta walikuwa wamekaa kwenye viti nilivyowapangusia mimi.

"Niliwapa chakula na nikamshukuru Mungu," mama akasema. "Bibi Mwamvita ni jirani. Ningekula yeye ananitazama?"

"Kwa hiyo unakana kwamba uliigiza Meza?"

"Sikuigiza kitu. Nilimwomba aje. Kama alikuja, mzee wangu, mimi ningemzuiaje mlangoni?"

Hapo ndipo alipojimaliza. Laiti angelia kidogo, akasema ni upumbavu wa mtoto, wangekunywa uji wakaondoka. Mzee Yoeli alisimama, akasema mama ametengwa mpaka atakapotubu mbele ya ushirika wote. Asiimbe kwaya, asikaribie Meza. Na mtoto wake mchanga hatabatizwa, maana mtoto wa aliyetengwa habatizwi. Alipokuwa anasema maneno hayo, nyuma ya bega lake moshi wa bani lake mwenyewe ulikuwa unapanda, Jumapili, mchana kweupe. Vibarua wake walikuwa wanachochea tangu alfajiri, hawakusikia wimbo wala neno. Lakini hiyo haikuwa dhambi, kwa kuwa mikono iliyoshika magogo haikuwa ya kwake. Nyani haoni kundule. Nimeishi miaka yote hii na bado nikiukumbuka ule moshi natamani kutukana.

Kesho yake walikuja wawili wa kwaya kuchukua sare. Wanawake waliokula ugali nyumbani kwetu, waliosukana nywele na mama yangu. Mmoja hakuthubutu kuingia ndani. Mama akaitoa ukutani, akaikunja vizuri, akawapa kwa mikono miwili.

Hakuacha kwenda kanisani. Hilo liliwaudhi zaidi. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, pale wanapokaa waliotengwa, na mimi nikakaa naye. Nyimbo zilipoanzwa vibaya, maana hakuna aliyejua kuanza kama yeye, nilimwona anabana midomo. Watoto wenzangu walinipa jina la Mchungaji Viazi. Nikipita wananyoosha mikono waniambie niwagawie. Niliwapiga mawe, na mmoja nilimpata sawasawa, na hilo nalo sijuti.

Lakini nyumbani, jamani, mama aliendelea vilevile. Anatwanga, anaongea. "Wamenikasirikia," alimwambia Mungu siku moja, mchi ukiwa juu. "Wewe je, umekasirika? Kama hujakasirika, tuendelee na kazi." Alikuwa hata anacheka.

Baba alirudi kutoka msituni amekonda, ananuka moshi na nta. Aliambiwa habari njiani kabla hajafika nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, hata maji hajaoga, akasema, "Tubu yaishe."

"Nitubu nini, Baba Kalunde?"

"Chochote. Wanataka kusikia tu."

"Nikamdanganye Mungu ndani ya nyumba yake?"

"Mama Kalunde, tumbaku yetu itapita kwa nani?"

Mama akaenda kumwekea maji ya kuoga. Baba alikuwa mtu mwema, asiyeogopa nyuki wala chui, akamwogopa mtu mmoja mwenye kanzu ya Jumapili na kalamu mfukoni. Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilimsamehe, lakini siku hiyo nilimchukia kabisa.

Kisha Yona akaugua. Ilianza homa, ikaja degedege, mwili unakakamaa na macho yanageuka. Baba aliazima baiskeli wakampeleka zahanati, akachomwa sindano, akarudi nyumbani amelegea, hanyonyi. Habari zikaja kwamba mchungaji anafika Jumapili. Wanawake wakaja kumwangalia mgonjwa, wakakaa uani, na mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka ndani: "Akifa hivi, hajabatizwa, atazikwa bila kengele. Kama mbuzi." Mama alikuwa anamkanda Yona kwa kitambaa cha maji. Mkono wake ukasimama. Niliona.

Nani kati yenu angefanya tofauti? Mimi nina watoto, nisingefanya tofauti. Ndiyo maana nakasirika.

Jumapili hiyo mama alitoka benchi la nyuma na Yona mgongoni, akapita katikati ya watu wote, akasimama mbele. Mchungaji hakuwa na makosa mengi, aliletewa jina tu la mwenye kutubu. Akamuuliza kwa upole kama amekuja kuungama. Mama akasema, "Nimekosa."

"Sauti, Mama Kalunde," Mzee Yoeli akasema kutoka kitini. "Wa nyuma wasikie."

"Nimekosa," mama akasema kwa sauti. "Nilichezea Meza ya Bwana kwa upumbavu wangu. Bwana hakuwepo pale. Naomba mnisamehe."

Watu wakapiga makofi. Ninawaambieni, walipiga makofi, wakaimba wimbo wa kondoo aliyerudi, na Yona akabatizwa palepale, maji yakamtiririka masikioni akalia kwa mara ya kwanza tangu augue. Mama akapewa mkate, akapewa kikombe. Mimi, kwa kuwa fujo za furaha zilikuwa nyingi, nilisahauliwa kutolewa nje, kwa hiyo siku hiyo ndiyo nilipoiona Meza kwa macho yangu. Mkate ulimegwa, kikombe kilizunguka, watu walinyamaza. Niliona kila kitu nilichokuwa nimesimulia. Nikamtazama mama akimeza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza klorokwini.

Yona alipona. Siku hizi ni baba mwenye kitambi, ana duka la vipuri Nzega, na ukimwuliza atakuambia alipona kwa ubatizo. Simbishii. Lakini sindano alichomwa Alhamisi, na homa ilishashuka Jumamosi. Mama alirudishiwa sare akaanza tena nyimbo, akaimba mpaka uzeeni. Tulipomzika mwaka juzi, kengele iligongwa, kwaya tatu zilikuja, na mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema marehemu alikuwa mwanamke wa sala. Nilibana meno. Laiti angejua kwamba yeye aliyakuta mabaki tu ya sala hizo.

Maana wiki ile baada ya ubatizo tulikuwa tunakausha bani la mwisho la msimu. Baba na Bukuru walikwenda kukata kuni, nikabaki na mama kwenye tanuru. Alikuwa kimya tangu asubuhi. Alikuwa kimya jana yake pia, kwenye kinu, na kisimani, ila nilidhani ni uchovu wa kuuguza. Gogo moja likaanguka likamrushia cheche kwenye mguu. Nikasubiri amlalamikie Mungu, kwa Kinyamwezi, kama siku zote. Akajifuta tu kwa ukingo wa khanga.

"Mama," nikamwambia, "siku hizi huongei."

Akageuka akanitazama, kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kusaidiwa jibu.

"Niongee na nani, Kalunde? Si nilisema mbele za watu kwamba hakuwepo."